Namba ya Asubuhi

Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Winchi mapenzi yalimshinda kuyaficha mapema sana. Mtaa mzima ulijua, hata muuza magazeti wa kona alijua, na wenzake wa ukumbi wa kunyanyua vyuma walikuwa wakimwona tu amevaa raba mpya wanaanza kumwimbia, "Ng'ombe hazeeki maini!" Alichoweza kukificha ni maumivu ya kisigino.

Jina la Winchi alilipata ujanani, siku gari dogo lilipotumbukia mtaroni naye akaliinua kwa nyuma, watu wakiwa bado wanabishana nani aende kutafuta winchi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, mgane, mwenye shingo nene na mabega ya kuziba mlango. Asubuhi hiyo alishuka ngazi za nyumbani kwake ubavuubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani, akiuma midomo kila mguu wa kushoto ulipogusa chini. Alidhani hakuna aliyemwona. Kumbe bintiye alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kikombe cha chai.

"Baba."

"Naam, mama."

"Huo mguu una nini?"

"Umelala vibaya."

"Mguu unalalaje vibaya peke yake, mwenyewe ukaamka salama?"

Winchi alicheka, akakaa kwenye ngazi ya chini kufunga kamba za raba. Bintiye hakucheka. Alikuwa amerithi uso wa marehemu mama yake, na alipoukunja namna ile Winchi alijiona kama anagombezwa na watu wawili.

"Wenzako wanakaa kivulini wanacheza karata," binti alisema. "Wewe unakimbizana na mama wa watu mlimani."

"Simkimbizi. Yeye anasimama na saa, mimi ndiye ninayekimbia."

"Unaona ni mzaha! Nguo za mama hata hatujamaliza kuzigawa, Baba. Na huyo mwanamke, angekuwa anakutakia mema, asingekurudisha hapa kila siku unachechemea. Leo nakuja huko huko. Nitamwambia usoni."

"Usimkosee adabu."

"Nitamwamkia kwanza," binti alisema, "halafu nitamwambia."

"Njoo basi," Winchi alisema, na kwa kweli alitaka aje. Leo ndiyo siku aliyoahidiwa jibu. Alikuwa ameposa mwenyewe, kwa kinywa chake, bila mshenga wala barua, naye Tabibu, yule mama wa mlimani, akamwambia ampe muda afikiri. Muda huo ulikuwa umekwisha.

Binti aliporudi jikoni, Winchi aliingiza vidole katika mfuko wa pembeni wa begi lake, akatoa vidonge vya maumivu, akavimeza bila maji. Karatasi tupu ya vidonge aliisukumia chini ya zulia la mlangoni, zilikokuwa nyingine.

Huyo Tabibu wa viungo Winchi alikutana naye kliniki, alikopeleka bega bovu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwembamba, mkimbiaji wa mbio fupi enzi zake, na mpaka leo alitembea kwa vidole vya mbele kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Alimtibu bega mpaka likapona. Siku ya mwisho akamwambia asimame kwa mguu mmoja, na Winchi akayumba akaenda kushika kabati.

"Una nguvu za kuhamisha nyumba," Tabibu alimwambia, "lakini basi likikuacha, limekuacha. Njoo asubuhi nikufundishe kukimbia."

Mlima wenyewe haukuwa mlima wa kutisha. Ni kipande cha barabara ya udongo nyuma ya uwanja wa shule, chenye mwinuko wa kutosha kumtoa mtu ulimi. Tabibu aliuchagua kwa makusudi. Mtu mzima aliyezoea vyuma ukimwambia akimbie kasi tambarare, msuli wa nyuma ya paja unachanika kama shuka kuukuu, lakini mlima unamzuia asijivunje kwa haraka zake. Unapanda mbio kidogo, unashuka kwa kutembea, unakaa mpaka pumzi itulie, ndipo unapanda tena. Na Winchi, kama wanyanyua vyuma wote, alikimbia amebana pumzi na kukunja ngumi.

"Umeshika nini?" Tabibu alikuwa akimpigia kelele toka chini. "Hakuna chuma hapa! Fungua mikono!"

Ikambidi, mtu mzima yule, ajifunze kukimbia viganja wazi. Na katika kufungua mikono hivyo, kila asubuhi, akijua kuna mtu chini ya mlima anayemtazama na kumtakia afike, moyo nao ukafunguka. Hakujua ni siku gani hasa. Alijua tu kwamba alianza kunyoa ndevu kabla ya kwenda kutoka jasho.

Tabibu alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kabla ya kitu chochote alimtazama machoni akamuuliza, "Namba ngapi?" Sifuri ni kwamba hakuna kinachouma, kumi ni kilio. Ikiwa tatu kushuka chini, watakimbia. Ikizidi hapo hakuna mlima. Winchi atafanya mazoezi ya kisigino ameegemea ukuta, na Tabibu atakwenda zake kazini mapema.

Kisigino kilipoanza kuuma, Winchi alisema mbili. Kilipofika tano, alisema mbili, na kuna siku alisema moja. Kwenye vyuma ndivyo alivyolelewa: anayetaja maumivu ananyang'anywa zamu yake, anayenyamaza ndiye mwanamume. Tena aliogopa. Kutwa nzima Tabibu alishika miguu ya wagonjwa. Wa ziada nyumbani angemtakia nini? Mgonjwa haposi. Basi akawa anameza vidonge alfajiri, anasema mbili asubuhi, na anapata saa nzima ya kuwa naye. Mguu ukawa unalipa kidogo kidogo.

Asubuhi hiyo alimkuta amekwisha panga koni zake za plastiki kando ya barabara, saa ya kupimia mbio ikining'inia kifuani. Alikuwa amevaa hereni. Winchi aliziona toka mbali. Mwanamke havai hereni kuja kusimamia mbio za mzee.

"Umechelewa," Tabibu alisema.

"Nilikuwa nagombezwa."

"Na binti?"

"Na binti. Anakuja leo, jiandae."

Tabibu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na aje. Mimi mwenyewe kaka zangu wamenigombeza juzi. Wanasema mjane aliyetulia na kazi yake hana haja ya kujitwika mzigo wa kilo mia na ushee."

"Waambie nimepungua."

Tabibu alicheka mpaka akashika saa isimpige kidevuni. Kisha akasogea karibu, kicheko kikaondoka, akamtazama machoni. Macho yale yalikuwa na uchovu wa zamani pembeni na kitu kipya katikati, na Winchi alitamani yamtazame hivyo mpaka jua lizame.

"Namba ngapi?"

"Mbili."

"Hakika?"

"Mbili, Tabibu. Nikudanganye ili iweje?"

Wakapasha mwili joto polepole, kisha akapanda. Mara ya kwanza kisigino kilimchoma kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Vidonge vilikuwa vimefika. Mara ya pili hakusikia kitu. Aliposhuka, Tabibu alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi wa uwanja, akamwita kwa mkono akae naye.

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa akifagia darasa.

"Sijawahi kukusimulia mume wangu alivyokufa," Tabibu alisema.

"Hujawahi."

"Alisema ni gesi. Mwaka mzima kifua kinambana, anasema ni gesi, nipe maji ya moto. Na mimi ninayejua miili ya watu nikampa maji ya moto. Siku ya mwisho daktari akaniuliza, 'Mama, hukuona dalili?'" Alikuwa akizungusha kamba ya saa kwenye kidole. "Watu walinipa pole ya msiba. Hakuna aliyenipa pole ya kudanganywa."

Hapo ndipo palikuwa pa Winchi kusema. Ungekuwepo ungemfinya aseme. Na alifungua kinywa kabisa.

"Tabibu..."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaweza tena. Usiku nilikuwa nalala nasikiliza anavyopumua, na yeye anajifanya amelala. Niliapa sitaishi hivyo mara ya pili. Kaka zangu wanadhani nimevutiwa na mabega yako." Alimtupia jicho la haraka, akaliondoa. "Si mabega. Kila asubuhi nakuuliza kinachokuuma, na wewe unaniambia. Hujui hilo limenifanyia nini. Siku hizi nalala. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kama hujabadili nia."

Akamshika kiganja, akakiweka juu ya goti lake.

Yule mtu aliyeinua gari alishindwa kuinua ulimi. Nitamwambia kesho, alijisemea. Nitamwambia tukishaoana, tutacheka. Alikuwa akilia, naye Tabibu akadhani ni machozi ya furaha tupu, akamfuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Tuishie hapa leo," Tabibu alisema. "Tumsubiri binti, tumwambie pamoja."

Lakini mwili ulikuwa unapoa, na mguu nao ukaanza kukaza. Winchi aliujua mchezo wake. Akikaa pale dakika chache zaidi atasimama anachechemea, na atachechemea mbele ya macho yale yale. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Akasimama haraka.

"Mmoja wa mwisho," alisema. "Wa furaha."

"Acha utoto."

"Mmoja tu, Tabibu. Mchumba wako aonyeshe mbio."

Neno mchumba lilimlainisha. Akainua saa. "Haya. Namba?"

"Sifuri!" Winchi alisema, anacheka.

Na alikimbia. Lazima isemwe, hajawahi kukimbia vile. Viganja wazi, taya limelegea, pumzi inaingia na kutoka kama inavyotakiwa, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikimshangilia, "Hivyo! Hivyo hivyo!" Kwa hatua kadhaa hakuwa mzee wala mgane wala mwongo.

Halafu mtu akampiga teke la kisigino kwa nyuma. Alisikia mpaka mlio wake. Akageuka huku anaanguka, amwone mpumbavu gani anayepiga watu mateke barabarani, na barabara ilikuwa tupu.

Tabibu alifika kabla vumbi halijatulia. Hakupiga kelele. Alimlaza kifudifudi, akamvua raba, akakamua shavu la mguu wa kulia, na unyayo wake ukainama kidogo. Akakamua la kushoto. Unyayo haukutikisika. Akakamua tena, taratibu, kana kwamba anauomba.

"Kano ya kisigino imekatika," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kliniki. "Usijali. Usijali, niko hapa. Lakini sielewi. Sifuri haikatiki hivi. Kano hukatika imekwisha choka, na ikichoka inasema."

Winchi aliweka paji la uso kwenye udongo.

Ndipo bintiye akatokea, anakimbia toka lango la uwanja, mfuko wa nailoni mkononi. Alimwona baba yake yuko chini, akapiga ukelele. Alipofika alikuwa anahema, lakini ahadi ni ahadi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, mshike mabega asigeuke."

Binti hakukaa. Aliupindua mfuko juu ya majani, zikamwagika karatasi tupu za vidonge. "Ni wewe unayempa hivi? Nimevikuta chini ya zulia leo nafagia. Unamlisha dawa mzee wa watu ili akimbie? Unataka nini kwetu?"

Tabibu aliokota karatasi moja, akaisoma. Akaokota ya pili. Binti alikuwa amekwisha vuta pumzi ya kuendelea, lakini alipouona uso wa yule mama, aliishusha.

"Hukujua?" aliuliza polepole.

Tabibu alizungumza na mgongo wa Winchi.

"Leo umemeza?"

"Nimemeza."

"Jana?"

"Na jana."

"Siku ile nilipokuongezea mbio, kwa sababu ulisema imeshuka mpaka moja?"

Winchi aliitikia kwa kichwa, uso bado udongoni. Binti alipiga magoti, akaanza kukusanya karatasi zile moja moja kuzirudisha mfukoni, kana kwamba akizificha zitakuwa hazijaonekana.

"Mimi sina macho ya kuona ndani ya mguu wa mtu," Tabibu alisema. "Macho yangu yalikuwa namba yako. Nimekupandisha hapa kwa namba yako, nikakuongezea kwa namba yako. Kano hii nimeikata mimi. Umenishikisha kisu, huku unanichekea."

"Niliogopa utaniona mgonjwa."

"Wagonjwa siwaogopi! Wagonjwa ndio kazi yangu. Ninaowaogopa ni wazima." Alivua mtandio, akaanza kuufunga mguu, vidole vikielekea chini, fundo baada ya fundo, kwa upole ule ule wa siku zote. Upole huo ndio uliomuumiza Winchi kuliko matusi.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hilo si gumu, hata yule nilimsamehe." Alikaza fundo la mwisho. "Lakini nitarudi kulala nikiwa nasikiliza. Nawe utakuwa unalala kando yangu, utaniambia u mzima, nami nitakuwa macho mpaka asubuhi. Siwezi. Ningekuwa msichana labda ningeweza."

"Nitakuwa nakuambia kila kitu. Kila kitu, Tabibu, hata mwiba."

"Najua utaniambia," alisema. "Shida si wewe kusema."

Teksi ilipokuja, watu watatu ilibidi wasaidiane kumwinua mtu aliyezoea kuinua. Walimlaza kiti cha nyuma, mguu kwenye mapaja ya bintiye. Tabibu alimpa binti maelekezo yote: asikanyage, vidole vibaki vimeelekea chini, wamwone daktari wa mifupa leo leo, asipewe dawa bila kuwatajia alizomeza. Alimwambia binti, hakumwambia yeye.

"Twende wote, mama," binti alisema, na neno hilo la mama lilimtoka bila kulazimishwa. "Tafadhali. Nilikuja kukugombeza, sikujua. Twende wote."

"Huko kuna madaktari, mwanangu."

Alishika mlango aufunge. Kisha mazoea ya asubuhi zote zile yakamshinda, akainama, akamtazama Winchi machoni.

"Namba ngapi?"

Winchi alijisikiliza. Aliusikiliza mguu kwa uaminifu wote aliokuwa nao, toka kwenye goti mpaka kwenye vidole. Ulikuwa umetulia. Kamba iliyokuwa ikivutwa miezi yote hiyo ilikuwa imekatika, na hapakuwa na cha kuvuta tena.

"Moja," alisema. "Haki ya Mungu, Tabibu, ni moja. Labda hata sifuri."

Macho ya Tabibu yalipita uso wake wote, kama mtu anayetafuta funguo mahali alipoziacha.

"Huenda ni kweli," alisema. "Mara nyingi ikikatika kabisa haiumi sana. Huenda ni kweli tupu. Ila mimi sina tena namna ya kujua." Akanyoosha mgongo. "Ugua pole, mzee."

Hakuwahi kumwita mzee. Mlango ukafungwa.

Teksi ilipogeuza, Winchi alimwona kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa akishuka barabara ile ya udongo akiokota koni zake, anaingiza moja ndani ya nyingine, hereni bado masikioni. Hakuinua kichwa. Gari likakata kona, ukuta wa shule ukamficha.

Bintiye alikuwa analia kimya kimya. Alinyoosha mkono amshike baba yake, akakuta ngumi zimefumbwa, zote mbili, vifundo vimetokeza. Alijaribu kupenyeza vidole vyake, akashindwa.

"Baba," alisema, "fungua mkono. Umeshika nini?"

"Hakuna," Winchi alisema. "Sijashika kitu."